Mama Hakusafiri

Kwetu Njombe mtu akishikwa na homa, swali la kwanza si anaumwa wapi. Ni alisafiri wapi. Mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, na aliyekuja kumwona anavuta kigoda, anasalimia kwa kamwene, anaulizia watoto, anaulizia ng'ombe, kisha anaanza upelelezi. Ulishuka lini? Uliishia Makambako au ulipitiliza mpaka Usangu? Malaria kwetu ilikuwa mali ya watu wa chini, kama mpunga. Sisi wa juu tulikuwa na baridi, na baridi ilitutosha.

Mama yangu aliamini hivyo kuliko wote, na alikuwa na sababu ya ziada. Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia, mdogo wake anayekaa Makambako alimwozesha binti yake, na kwenye sherehe mama akakalishwa nyuma ya spika. Hakumwona bibi harusi, hotuba zilimpita, na kwa siku mbili zilizofuata hakusikia kitu chochote. Akaapa mbele ya jumuiya nzima ya kanisani kwamba hatakanyaga Makambako tena. Kiapo cha namna hiyo huku kwetu hakifi, kwa sababu majirani wanakilinda kuliko mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa huko huko Makambako, nikifundisha baiolojia sekondari, na kila Jumamosi nilipanda gari kwenda kumwona mama na kulala kwake. Kwa mama mdogo nilikuwa nakwenda pia, ila sikutangaza.

Wakati huo hali ya hewa ilikuwa imekwisha kubadilika, na sisi tulikuwa tunajifanya hatujaona. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiamka Juni tunakuta umande umeganda na majani ya viazi yameungua. Siku hizi Juni inapita mtu amevaa sweta moja. Mvua nayo, iliyokuwa ikifika Novemba kama mwajiriwa, sasa inakuja ikijisikia. Bwana shamba akawashauri watu wachimbe mabwawa ya kumwagilia miparachichi wakati wa kiangazi. Mama akachimba la kwake nyuma ya jiko, akalitandika nailoni nyeusi, akalipenda kuliko alivyowahi kutupenda sisi wanawe. Majirani wakafuata, na kila boma likawa na bwawa lake. Hakuna aliyewaza habari ya mbu. Chandarua alichogawiwa zahanati mama alikifunikia kitalu cha kabichi, na ukimuuliza anakujibu kwamba kabichi ndizo zinazoliwa na wadudu, yeye haliwi.

Jumamosi moja ya Aprili nikamkuta amelala chini ya mablanketi matatu, jiko la mkaa linawaka chumbani, madirisha yamefungwa. Nikatoa jiko nje, nikafungua dirisha, nikamgusa paji la uso. Alikuwa wa moto sana. Nikauliza kwa mazoea tu.

"Mama, ulisafiri?"

Akainuka na kukaa. "Nisafiri niende wapi?"

"Sijui. Labda ulishuka Makambako kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani? Mguu mmoja?"

Nilipaswa kuishia hapo, lakini maneno yangu yalikuwa yamesikika mpaka uani. Jioni jumuiya ilikuja kumwombea. Waliomba vizuri, kisha wakavuta vigoda. Mama mmoja akasema alimwona Alhamisi barabarani akiwa amevaa viatu vya kutokea. Mzee wa kanisa akamwambia kwa upole kwamba hata kama alikwenda, Mungu anasamehe. Mama akageukia ukutani.

Hapo ndipo alipokataa kwenda kupimwa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Akipimwa akakutwa na malaria, watu wote watasema alikwenda Makambako, na kiapo chake kitakuwa kimevunjika naye hajatoka kitandani. Afadhali afe kwa homa ya baridi, jina lake likiwa safi. Alinieleza haya kwa utulivu, kama mtu anayechagua kitambaa cha kushona. Jumapili mchana alikuwa hali chakula tena, na mara mbili aliniita kwa jina la marehemu bibi. Nilitoka nje nikalia, maana nilimjua mama yangu: alikuwa anaweza kabisa kufa kwa ubishi.

Nilipokwenda bwawani kuchota maji ya kumpangusa, nikaona juu ya maji vidudu vyembamba vinacheza, vinazama na kuibuka. Mwalimu wa baiolojia nikasimama pale na ndoo yangu. Nikavichota kwenye glasi nikampelekea kitandani.

"Mama, hawa ni watoto wa mbu. Wamezaliwa hapa hapa nyuma ya jiko. Malaria siku hizi haihitaji nauli."

Akaitazama glasi muda mrefu. "Hawa ni wadogo mno," akasema. "Hawawezi kumlaza mtu mzima." Kisha akaniagiza nirudishe maji bwawani, yasipotee bure.

Nikashindwa, nikampigia simu mama mdogo. Alifika Jumatatu kwa gari la kwanza, lakini uvumi ulikuwa umemfikia kabla ya simu yangu, na aliingia chumbani akiwa amevimba kwa hasira.

"Shikamoo dada. Umekuja Makambako ukapita mlangoni kwangu bila hata hodi?"

"Marahaba. Sikuja."

"Watu wanasema ulikuja."

"Sikuja, na nisingekuja. Ulinikalisha nyuma ya spika."

Mama mdogo akakaa kitandani taratibu. "Kumbe ni spika," akasema. "Miaka mitatu nilidhani ni nyama."

"Nyama nayo ilikuwa ngumu."

Mama alikuwa anatetemeka, na mdogo wake akaushika mguu wake kupitia blanketi. Nilimwona anashtuka kwa joto lile.

"Sikiliza, dada. Mimi nauza viazi stendi ya Makambako kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Huwezi kushuka pale nisikuone. Nitasema kanisani, nitasema na sokoni: huyu hakuja. Atakayebisha aje abishane na mimi. Sasa vaa viatu."

Mama alilia kidogo. Akasema viatu viko chini ya kitanda.

Zahanati ilikuwa imejaa. Mama mdogo alitimiza ahadi papo hapo: alisimama mbele ya benchi la wagonjwa na kutoa ushahidi wake wote, kuanzia spika, na watu waliacha kukohoa ili wasikie. Muuguzi hakuonekana kujali. Alimchoma mama kidole, akasubiri, akatuonyesha mistari miwili. Malaria. Akampa dawa za siku tatu, akasisitiza azimeze pamoja na chakula chenye mafuta, hata parachichi linafaa. Bwawa, akasema, likaushwe kabisa kila wiki, maji yote yaishie shambani, kabla watoto wa mbu hawajaota mabawa. Na chandarua kitoke kwenye kabichi. Nani alimwambia habari za kabichi sijui, lakini nadhani alikuwa ameshaziona kabichi nyingi zilizolala pazuri.

"Kwa hiyo hutaki kujua alisafiri wapi?" mama mdogo akauliza, kama aliyenyimwa kitu.

"Mama si wa kwanza wiki hii, na wenzake nao hawakusafiri. Mbu anazaliwa hapa, lakini vimelea anavipata kwenye damu ya mtu. Ninachotaka kujua ni nani anakuja kulala kwenu akiwa na homa."

Nilitazama sakafu. Mwezi mzima na zaidi nilikuwa na homa ya kuja na kuondoka, nikiituliza kwa vidonge vya maumivu na kuiita uchovu wa kusahihisha mitihani. Katika mwezi huo huo nilikuwa nimewachorea kidato cha tatu mzunguko mzima wa malaria ubaoni, kutoka mtu kwenda mbu na kutoka mbu kwenda mtu, kwa chaki za rangi. Nikatoa kidole. Mistari miwili.

Sijawahi kuona aibu kama ile, wala hofu kama ile. Ningemzika mama yangu kwa ugonjwa niliompelekea mwenyewe kila Jumamosi pamoja na sukari na sabuni, huku nikimuuliza alisafiri wapi. Nilianza kumwomba msamaha.

Mama alikitazama kipimo changu, akamtazama mdogo wake, akalitazama benchi zima lililokuwa linasubiri.

"Mmeona," akasema. "Mimi sikusafiri."

Kisha akavua shali yake, meno yakigongana, akanifunga mimi mabegani, akavuta fundo likanibana shingo, akaniambia nisogee karibu yake nipate joto.