Sungura Weupe wa Kaka Anaeli

Kila robota la mitumba linapokatwa kamba, popote nilipofika katika kuzurura kwangu, ile harufu ya dawa na safari ndefu hunirudisha kijijini kwetu Nduruma, kwenye suti ya kijivu ya kaka yangu Anaeli. Bibi aliinunua Kwa Mrombo, siku zile mitumba ilipoanza kumwagika sokoni, Anaeli aivae siku ya kipaimara. Ilibaki miezi miwili. Suti ilining'inia kwenye msumari, ikingoja.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na kazi ya kukata majani ya sungura. Mwaka mmoja kabla ya suti tulianza na dume jeusi, na jike jeupe ambalo Bibi alilipata kwenye mnada wa mavuno, nje ya kanisa. Watoto wao wote walitoka weusi tii. Nikajua weupe umekufa. Tukabakiza wawili kati ya hao weusi, dume na jike. Walipokua wakazaa saba: watano weusi, wawili weupe kama povu la maziwa.

Jirani yetu Baba Neema, aliyekuwa na dume jeupe ambalo hakumwazima mtu, akaja akaegemea ua.

"Shikamoo, mama. Weusi wawili watazaaje weupe? Muulize mjukuu wako, dume langu alilipitishia wapi?"

Anaeli akaapa hakuligusa. Lakini Bibi alikuwa mzee wa kanisa. Uso wake ukajifunga kama Mlima Meru siku ya mawingu.

"Mwizi hawekewi mikono kichwani," alisema. "Utatubu, au suti itabaki msumarini."

"Nitubu nini, Bibi?"

Ndipo nikasema, "Tuwafungie hawa hawa weusi wawili kwa kufuli. Ufunguo akae nao Bibi."

Bibi akaufunga kwenye pindo la khanga. Mwezi mzima nilipenyeza majani kwenye wavu, mlima ukielea juu ya migomba kama kitu nilichokiota. Wakazaliwa sita. Manyoya yalipoota, mmoja alikuwa mweupe.

Bibi alimweka kiganjani, akamtazama weee. "Kumbe alikuwa humu humu." Kisha akamgeukia Anaeli. "Pole, baba. Nimekukosea."

Baba Neema alichungulia akaguna, "Sungura wenu walokole, wanafanya miujiza."

Baadaye niliwakutanisha weupe kwa weupe. Hawakutoa mweusi hata mmoja. Nikajitungia sheria: weusi hutawala, weupe hujificha, na hutokeza pale tu mtoto anapourithi kwa baba na kwa mama. Shule niliiacha kabla ya kufika somo hilo.

Suti ilimpwaya mabegani, lakini aliivaa. Mpaka leo Anaeli huwaambia wanawe kwamba siku ile mimi peke yangu nilimwamini. Imenichukua miaka mingi kukiona kilichojificha ndani yangu: lile kufuli sikuliomba ili kumwokoa. Nililiomba ili tumkamate.