Kiingereza Changu Wodini

Wiki iliyopita baba yangu, mchuma kahawa wa Ruiru, alilazwa hospitalini Thika kwa nimonia. Mimi ninajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa darasa la nane, na nilikuwa nimekariri misemo mingi hata nikajiona bingwa. Kwa hiyo daktari Mzungu alipompima baba na kusema, “He is out of the woods,” sikungoja mkalimani. Nilisimama nikamtafsiria mama kwa sauti kubwa, “Daktari anasema baba ametoka msituni!”

Siku hizi za Hali ya Hatari, waasi wanaopigana na serikali wamejificha msituni, na neno hilo humpeleka mtu kizuizini. Mama aliangua kilio. Askari aliyekuwa mlangoni alikuja mbio na pingu, akamkamata baba mkono.

“Hapana msitu!” daktari akafoka kwa Kiswahili chake. “Mimi nasema huyu mzee napona!”

Askari akamwachilia. Wodi nzima ilinigeukia. Mama alifuta machozi, akaniuliza polepole, “Ngai, Mungu wangu! Tulikupeleka shule uje umuuze baba yako?”