Ufa Uliopita Chini ya Msingi wa Shule

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia kichwani huwa namshukuru Mungu: siku Bibi Veronika aliponikatalia kuchimba shamba lake. Jana ulipokuja hapa mjini kwangu Mafiga kunisalimia, ukaniambia umepata nafasi ya kwenda kusomea matetemeko ya ardhi, nilifurahi mpaka nikasahau kukukaribisha chai. Leo chai ipo. Kaa, nikusimulie, maana kazi yangu yote ilianzia kwenye shamba lile.

Nilikuwa msichana, nimetoka chuo juzi tu. Mimi ni mtoto wa Turiani, baba yangu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, na milima ya Uluguru nilikuwa nikiiona kwa mbali tu nikiwa safarini kuja mjini. Kazi yangu ya kwanza ya utafiti ikanipandisha huko, kutafuta mahali ambapo mwamba umepasuka chini kwa chini na pande zake bado zinasogea. Sisi wataalamu wa miamba tunauita ufa hai. Unaweza kukaa kimya vizazi na vizazi, halafu siku moja ukashtuka, na kule kushtuka ndiko tetemeko lenyewe. Ukitaka kujua kama uliwahi kushtuka, unachimba handaki kuukatisha, unatazama matabaka ya udongo yamekaaje.

Mkuu wangu wa kazi, Dakta Kombo, alikuwa ametazama picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, akaona mstari ukishuka mlimani hadi karibu na kijiji kimoja cha misheni. Pahali pazuri pa kuchimba palikuwa kwenye shamba la maharage la Bibi Veronika. Kule ardhi hufuata ukoo wa mama, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wake. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mloka, ndiye aliyenipeleka kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae. Nasikia unataka shimo."

Nikamweleza kwa yale maneno makubwa ya chuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga. Kisha akasema, bila hasira kabisa, "Wamepita wengi hapa. Mmoja alipima mto, mwingine alichuma majani msituni, mwingine akatuuliza tunakula nini. Wote tuliwapokea, tukawapa uji. Hakuna aliyerudi kutuambia alichokiona. Shamba sikupi."

Bwana Mloka akaanza kumbembeleza, bibi akamzuia kwa mkono.

"Sina ugomvi na mtoto huyu, Mwenyekiti. Lakini ardhi hii ni ya mama zangu waliotangulia. Atakayeifungua aje aniambie kilichomo, kiwe kizuri, kiwe kibaya."

Nilirudi mjini nimenuna. Nilidhani Dakta Kombo atapiga simu ofisi fulani, ije amri, nichimbe. Hakufanya hivyo. Alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Bibi ana haki. Mimi mwenyewe nimewahi kuchukua sampuli kwa watu nikaenda zangu. Rudi ukamwahidi. Ila kama hutatimiza, bora usiahidi."

Nikapanda tena mlima. Nikamwahidi Bibi Veronika mbele ya wapwa zake kwamba yeye ndiye atakuwa wa kwanza kujua. Akanionyesha mwenyewe pa kuanzia, mbali na makaburi ya ukoo, na siku tulipoanza kuchimba akaja na kigoda akakaa pembeni akituangalia.

Mwanangu, ule ufa ulikuwepo. Tulipofika kina cha mtu na zaidi, tukausafisha ukuta wa handaki kwa visu, likatokea tabaka la udongo mweusi. Lilikwenda sawasawa, halafu likakatika ghafla kama mkate wa kumimina uliokatwa kwa kisu, na kipande cha pili kilikuwa kimeshuka chini kiasi cha urefu wa mkono wangu. Ardhi ile ilishawahi kushtuka, na kwa hesabu za sisi watu wa miamba, haikuwa zamani sana. Nilipiga kelele za furaha. Nilicheza, nakwambia, ndani ya handaki na matope yangu.

Kisha nikapanda juu kuangalia mstari unaelekea wapi. Furaha ikaniisha palepale.

Mbele yangu, usawa uleule, palikuwa na msingi wa shule mpya. Wanakijiji walikuwa wameuchimba kwa mikono yao. Watoto wao walikuwa wakishuka bondeni na kuvuka mto kwenda shule ya jirani, na wakati wa masika kuna waliokaa nyumbani wiki nzima kwa sababu mto hauvukiki. Akina mama walibeba mawe kichwani kila walipotoka kanisani. Na mimi sasa nimwendee nani nimwambie kwamba wanajenga juu ya ufa?

Dakta Kombo alikuja, akatazama. Alisema tusubiri majibu ya maabara kuhusu umri wa ule udongo, kwani tukikosea tutakuwa tumewanyima watoto shule bure. Nikamwambia, "Dakta, tukisubiri, kuta zitakuwa zimesimama. Nani atazibomoa?" Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo mkubwa wangu. Akawaza, halafu akasema, "Haya, nenda ukawaambie. Sema ulichokiona. Usichokijua, sema hukijui. Usiongeze hata chembe ili wakuamini."

Kwanza nilikwenda kwa Bibi Veronika kama nilivyoahidi. Alisikiliza, akaniuliza jambo moja tu, kama nina hakika na nilichokiona. Nikamwambia ninayo. Akachukua mtandio wake tukaenda mkutanoni.

Niliwaeleza kwamba ufa unapita chini ya msingi. Mkutano ukawa mkali. Kijana mmoja akasimama, "Dada, hilo tetemeko litakuja lini?"

"Sijui."

"Mwaka huu? Mwakani?"

"Sijui, kaka yangu. Hakuna ajuaye. Linaweza kuja tukiwa hai, linaweza lisije mpaka wajukuu wa wajukuu zetu."

Watu wakacheka, kicheko kibaya. "Hajui, halafu tuhame!" Mama mmoja akalia kwa uchungu, akanionyesha utosi ulivyokatika nywele kwa kubeba mawe. Moyoni nilitamani kusema neno moja tu la uongo, kwamba litakuja karibuni, ili wanisikie. Maneno ya Dakta Kombo ndiyo yaliyonizuia.

Ndipo Bibi Veronika akasimama. "Huyu mtoto niliwahi kumfukuza kwangu. Nikamwambia kama hatarudi kutuambia, asiguse ardhi yangu. Amerudi, na habari aliyoleta inamuuma yeye kuliko sisi. Twendeni tukaone wenyewe."

Tukaenda kijiji kizima. Bwana Mloka ndiye aliyeshuka wa kwanza handakini. Alipapasa lile tabaka jeusi kwa kiganja mpaka lilipokatika, akalitafuta, akalikuta chini. Akatoka, akatazama upande wa msingi. Baada yake walishuka wengine, mmoja mmoja, na kicheko sikukisikia tena.

"Sasa tujenge wapi?" Bwana Mloka aliuliza. "Pa tambarare ni hapa tu."

"Na kwangu kwenye kabeji," akasema Bibi Veronika.

Lilikuwa shamba lake zuri kuliko yote, tambarare iliyo mbali na ule mstari, na lilikuwa likimlisha. Wapwa zake walikuja juu. Aliwaacha waseme mpaka wachoke, kisha akawaambia, "Kabeji itaota hata mteremkoni. Darasa haliwezi."

Mawe yakahamishwa. Likizo yangu nzima niliimalizia pale, nikibeba mawe na akina mama, yule aliyelia mkutanoni akinifundisha kukunja vizuri kata ya kichwani. Majibu ya maabara yalipokuja yalikubaliana nasi, nikapanda kuwaambia hayo pia.

Baada ya hapo maisha yangu yote yamekuwa haya. Nimesoma ughaibuni, nimetega mashine za kupimia mitetemo toka Turiani hadi vilele vya Uluguru, panya wamenitafunia nyaya, mvua imenikuta ninakotega. Nimenasa matetemeko madogo mengi, yale ambayo mtu wa kawaida hayahisi. Na ule ufa wa shamba la maharage? Mpaka leo ninapoongea nawe, kimya. Vijana wa kule wakiniona hunitania, "Mama Tetemeko, lini sasa?" Nacheka nao.

Lakini kuna wakati jambo hilo lilinikosesha raha. Nikamwuliza Bibi Veronika, alipokuwa mzee sana hatoki tena kitandani, "Bibi, ufa haujashtuka. Hulijutii shamba lako la kabeji?"

Madarasa yalikuwa jirani, watoto walikuwa wakisoma kwa sauti, tunawasikia. Akasema, "Wanasoma, wala mama zao hawana wasiwasi na ukuta. Nijutie nini?"

Alipofariki, wapwa zake waliniita niketi msibani na wanawake wa ukoo. Mimi, mtoto wa Turiani.

Basi, mwanangu, nikuambie ninachotaka ukichukue. Katika kazi hii unaweza kufanya kila kitu sawasawa usione hata siku moja ya watu kukupigia makofi, kwa sababu msiba ulioukinga hauonekani. Usiutamani uje ili wajue ulisema kweli. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata wakikucheka. Na ukiingia kwenye ardhi ya watu, rudi ukawaambie ulichokikuta, kabla hujakiandika popote, na hasa kikiwa kibaya. Waheshimu wanaokukatalia, huenda ndio watakaokusimamia siku umeishiwa maneno.

Nenda na baraka zangu zote. Mungu akupe walimu wasioona aibu kukukosoa na wenyeji watakaokufungulia milango. Akulinde mabondeni na milimani, na ardhi utakayoikanyaga itulie chini ya miguu yako na ya wote walalao juu yake. Amina.