Vipimo Ishirini na Vinne vya Korbinian Hautzinger

Jumapili, tarehe 14 Februari 1819. Theluji iliyoanguka Ijumaa ilikuwa imeanza kuyeyuka, na mapaa ya mtaa wa Schottenfeld yalidondosha maji tangu alfajiri. Upepo haukuwepo.

Korbinian Hautzinger alitoka misa ya saa tatu akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bwana Prandstetter, mfumaji wa tepe za hariri, akiwa amekumbatia madaftari matano ndani ya koti yasije yakalowa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mnakili katika duka la muziki la mjane Walburga Tretter, akiandika kwa wino nota za watu wengine, na hakuna karatasi hata moja iliyobeba jina lake.

Mwezi Desemba mpangaji wa muziki pale dukani alihamia Prague. Huyo ndiye aliyekuwa akizichukua simfonia za watu thelathini na kuzipanga upya zipigwe na watano sebuleni: fidla mbili, viola mbili zenye sauti nzito kidogo, na selo ya sauti ya chini. Wengi wetu tunazijua simfonia kwa njia hiyo tu, kwani ukumbini utaisikia mara moja, na pengine usiisikie tena. Hautzinger aliiomba kazi ile.

"Mkono wako naujua, Korbinian," mjane alimwambia. "Kichwa chako ndicho sijakiona kikifanya kazi. Haya, nipangie moja. Ikipigwa kwa Prandstetter mwanzo hadi mwisho bila kukatika, jina lako nitaliweka kwenye jalada na kazi ni yako. Ikikatika, utarudi mezani kwako na hatutalizungumza tena."

Hautzinger aliichagua simfonia ya mtunzi aliyefariki miaka miwili nyuma. Karatasi kuu, ile inayoonyesha vyombo vyote pamoja, ilikuwa imepotea. Yalibaki madaftari ya wapigaji tu, kila chombo na lake, nayo aliyaazima kutoka ukumbi mmoja wa maigizo. Akafanya kazi wiki saba.

Sebuleni kwa Prandstetter jiko la vigae lilikuwa la moto na keki ya zabibu kavu ilikwisha kukatwa. Fidla ya kwanza alipiga Bwana Obermüllner, mshauri wa mahakama. Selo ilikuwa kwa Padri Gereon, mtawa mnene mwenye vidole vyepesi. Mwenye nyumba alishika viola ya kwanza, na majirani wawili wakachukua sauti zilizobaki. Bibi Tretter alikaa kiti cha karibu na mlango. Hautzinger alisimama nyuma ya jiko.

Sehemu tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Prandstetter hata aligeuka akamkonyeza. Sehemu ya nne, ya mwisho, ilianza kwa kasi, na ilipofika katikati muziki ukafumuka kama soksi. Fidla zilikuwa zinapanda, selo inashuka, viola mbili zinagombana. Wakaacha.

"Padri, umesinzia?" Obermüllner aliuliza.

"Nisinzie na kelele hizo zako, Bwana Mshauri? Wewe ndiye unayekimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

"Mimi nahesabu. Nimehesabu maisha yangu yote."

"Basi hesabu polepole na sisi wengine tufike."

Wakarudia. Ikafumuka palepale.

"Mara ya kwanza ni ajali," alisema Padri Gereon akipangusa kipaji cha uso. "Mara ya pili, hapo mahali pana shetani. Korbinian, mwanangu, njoo umtoe."

Hautzinger aliyakusanya madaftari akayapanga mezani pembeni ya keki. Alianza kuhesabu vipimo, vile vyumba vidogo vya nota kati ya mistari ya wima. Fidla ya kwanza ilikuwa na mia tatu kumi na nane. Fidla ya pili vilevile, na viola ya pili pia. Viola ya kwanza ilikuwa na mia mbili tisini na vinne. Selo, mia mbili tisini na vinne.

Akahesabu tena, safari hii akigusa kila chumba kwa ncha ya kisu cha keki. Hesabu haikubadilika. Ishirini na vinne havipo. Hakukumbuka kuviruka. Hakukumbuka hata kuviona. Alijiuliza kama alilala akiwa ameshika kalamu, akajiuliza kama siku moja ya Januari ilimpita bila yeye kuwepo. Mwandiko ulikuwa wake, ulionyooka kama kawaida, usio na doa mahali popote.

"Kuna nini?" Prandstetter aliuliza.

"Sijui, bwana."

"Umeandika wewe, halafu hujui?"

"Nimeandika mimi. Sijui."

Obermüllner alicheka kwa pua.

"Ah, mwacheni," alisema Padri. "Fidla ziendelee. Mahali pasipo na kitu nitatia cha kwangu. Prandstetter, wewe nyamaza tu mpaka nikukanyage mguu."

Wakapiga mara ya tatu. Walipofika mahali pale, Padri alifumba macho akashuka na selo hatua kwa hatua, kama mtu anayeteremka ngazi za ghala akiwa na taa mkononi. Kisha akamkanyaga Prandstetter, viola ikaingia, na wote watano wakafika mwisho. Wakapiga makofi wao kwa wao.

Mjane alivaa glavu zake. "Muziki umefika mwisho," alimwambia Hautzinger mlangoni, "lakini sijui umepitia wapi. Kesho saa tatu asubuhi njoo uniambie wewe mwenyewe: umekatika au haukukatika? Kwa neno lako nitaweka jina au sitaweka."

Alasiri hiyo, chumbani alimopanga, mwanga ungalipo, Hautzinger aliyatandaza dirishani madaftari ya ukumbi. Katika daftari la viola kulikuwa na karatasi moja nzito kuliko nyingine. Aliipapasa ukingoni akakuta uzi. Kurasa mbili zilikuwa zimeshonwa pamoja, kwa mshono mdogo sana, ili mpigaji azipite bila kuziona. Katika daftari la besi, ambalo selo pia hulisoma, vivyo hivyo. Katika fidla hapakushonwa. Palikuwa na alama ya penseli tu, ya kumwambia mpigaji aruke, mwanzo na mwisho wa vipimo vile vile ishirini na vinne, na katika baragumu pia, ambayo sauti yake ndiyo aliyoipa viola ya pili. Alama hizo alikuwa ameziona. Alizipuuza, kwa sababu ndivyo sisi wanakili tunavyofundishana tangu siku ya kwanza: penseli ni ya mpigaji, wino ndio wa kunakiliwa.

Na mpangaji yeyote wa muziki angeanza kwa kuziweka sauti zote kwenye karatasi moja, moja chini ya nyingine, na pengo angelikuta siku ya pili. Yeye alifanya kama mnakili. Alimaliza daftari moja, akalifunga, akafungua jingine.

Alikata uzi wa besi kwa wembe. Ndani, katika vipimo vyote vile, selo ilikuwa na nota moja tu, ileile, ikirudiwa bila kusogea. Hakuelewa. Ngazi za Padri zilimpendeza zaidi. Kisha akakumbuka kwamba marehemu mtunzi ndiye aliyeiongoza simfonia hii ilipopigwa pale ukumbini, kwa hiyo huenda aliyeamuru pashonwe ni yeye mwenyewe. Au ni mkuu wa ukumbi, aliyetaka watu wawahi chakula. Basi kipi ndicho kilicho sahihi: nota moja isiyosogea, au kimya cha uzi? Na hicho kilichopigwa leo, kikapigiwa makofi, kilikuwa cha nani? Alikaa mbele ya kurasa zile mpaka supu aliyoletewa na mwenye nyumba wake ikaganda mafuta.

Asubuhi ya Jumatatu, saa tatu kamili, alisimama mbele ya Bibi Tretter kofia mkononi.

"Ulikatika, Bibi."

"Padri aliliziba pengo."

"Aliliziba kwa kitu chake. Nikiweka jina langu nitakuwa nimeliweka juu ya vidole vya Padri."

"Basi jina hakuna."

"Hakuna."

Alikwenda mezani kwake. Muziki wa misa uliokuwa ukisubiri kunakiliwa aliusogeza kando, akachukua karatasi kubwa kuliko zote zilizokuwa dukani, akaipiga mistari ya vyombo vyote kuanzia filimbi hadi besi. Akaandika kipimo cha kwanza cha simfonia ile, sauti zote moja chini ya nyingine. Alikitazama muda mrefu. Kisha akaandika cha pili.