Kiganja cha Kinyozi

Kinyozi wangu hawashi mashine kabla hajaweka kiganja utosini mwa mteja. Hukiacha hapo kwa pumzi mbili tatu, macho yake yakiwa kwenye kioo lakini hayatazami kitu, kisha hukung'uta shuka na kuanza kazi. Miaka yote nilidhani anapima nywele. Siku niliyomuuliza, alicheka. "Nakuombea, ndugu yangu. Jina lako silijui, basi namwambia Mungu, huyu mwenye kovu nyuma ya sikio." Mimi ninayesali mbiombio huku natafuta funguo za nyumba, niliona haya, nikajifanya nasoma bango la mitindo ukutani.

Jumamosi iliyopita, nikisubiri zamu yangu, aliingia mdogo wake kinyozi. Walikuwa hawajasemezana tangu walipogombana kwenye mazishi ya mama yao. Mtaa mzima unajua, hata sisi tunaojidai hatupendi umbea. Alikaa kitini bila salamu. Kinyozi akamfunga shuka, akainua kiganja, kikabaki hewani juu ya kile kichwa. Akakishusha pembeni, akawasha mashine. Akamnyoa vizuri, taratibu, mpaka kisogoni, akampaka spiriti, akamfungua shuka. Mdogo wake akasimama, akashika kitasa cha mlango.

"Rudi ukae," kinyozi akasema.

"Kwani hujamaliza, kaka?"

"Sijaanza."

Akamwekea mikono yote miwili.