Siku Niliyomsifu Mtoto wa Shangazi

Wallahi, wabillahi, kila neno hapa ni kweli, na anayebisha aje anikabili mbele ya watu. Nilipokuwa mtoto, miaka ya sitini, Mji wa Kale mzima hapakuwa na mwenye macho kama yangu. Sindano ikianguka Likoni, ng'ambo ya maji, mimi naiona nimekaa barazani kwetu.

Jirani yetu Bi Zuwena, mjane aliyekula kwa kuuza mahamri, alisemwa ana jicho: akisifu kitu bila kutaja mashallah, kinaharibika. Basi nikamchunguza. Kasifu mbuzi wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mbuzi kafa. Kasifu kanzu yangu ya Idi, ikachanika siku ile ile. Nikamtangaza kichinichini, na nikinong'ona mimi hata Liwatoni wanasikia. Watu wakaacha kununua. Mahamri yakalala kwenye sinia mpaka paka wakayachoka, na yeye akaanza kufunga vitu vyake arudi Lamu.

Wiki hiyo mwana mchanga wa shangazi yangu akashikwa na homa, mwili moto kama jiko. Nyanya akauliza nani kamsifu. Shangazi akaapa kamwona Bi Zuwena mlangoni asubuhi. Na mimi, Mungu shahidi, nikamwona pia: buibui lake, sinia lake, kasimama pale pale.

Kisha nikakumbuka. Mlangoni nilikuwa nimeketi mimi tangu asubuhi, na hakupita mtu. Na aliyemfinya mtoto shavu akasema kanona kama papai, bila ya mashallah, ni mimi.

Nikamnong'oneza nyanya yote hayo.

"Na mara alizosifu Bi Zuwena pasiharibike kitu, uliziona ngapi?" akaniuliza.

Hizo sikuziangalia hata moja. Mbuzi yule alikuwa kikongwe. Kanzu niliichana mwenyewe, nikiparamia ukuta.

"Mtoto ana homa ya meno, atapona," akasema nyanya. "Kesho utakaa barazani kwa Bi Zuwena, ule mahamri yake mtaa mzima ukikutazama."

Nikala arubaini, sitii chumvi. Watu walingoja nianguke, sikuanguka. Siku ya tatu wakarudi kununua, na mizigo ikafunguliwa.

Mpaka leo nikimwona mtu mbaya, hujiuliza kwanza ubaya huo nimeukuta kwake au nimekwenda nao.

Lakini haya yasitoke nje, nakuomba. Bi Zuwena hakujua kuwa aliyemtangaza ni mimi; alinipenda mpaka kufa kwake, akiniita mtetezi wake, na wanawe wangali mtaani hapa hapa.