Mwalimu Mwanaume na Somo la Hedhi

Elius Mgaya alikuwa amefundisha miaka sita katika shule moja ya msingi upande wa Lupembe. Miaka yote hiyo mkewe Noela, muuguzi, aliishi Makambako na watoto wao wawili. Kila Januari Elius aliandika barua ya kuomba uhamisho, na kila mara alijibiwa kwamba shule ina walimu wachache, asubiri.

Mwalimu wa kike pekee alikuwa ameshahamia Iringa kumfuata mumewe pale mwaliko wa mafunzo ya hedhi salama ulipofika. Mwalimu mkuu, Shadrack, aliusoma kisha akamsukumia Elius.

"Wewe ndiye unayefundisha sayansi."

"Mkuu, hii si ya mwalimu wa kike?"

"Nionyeshe huyo mwalimu wa kike, nimtume."

Mafunzo yalikuwa Makambako, siku tatu, na Elius alikubali kwa sababu angelala kwake. Ukumbini walikuwa wanawake thelathini na yeye. Siku ya pili mwezeshaji, mama mcheshi aitwaye Angela, alimwita mbele aonyeshe namna ya kuvaa taulo ya kike. Aliigeuza huku na huku. Wanawake wakacheka, kisha wakampigia makofi. Siku ya tatu alikuwa akijibu maswali bila kuinamisha uso, na aliporudi shuleni na boksi la taulo, alijishangaa kwa hamu aliyokuwa nayo ya kufundisha.

Somo la kwanza, darasa la sita, lilikwenda vizuri. Baada ya kipindi msichana mpole aitwaye Justine alimfuata ofisini, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, nina swali."

"Ingia. Acha mlango wazi."

Ndivyo walivyoelekezwa mafunzoni: usijifungie na mwanafunzi. Lakini hapo nje darasa la saba walikuwa wakifyeka majani, na wawili walishasimama kutazama. Justine akawaona.

"Nimelisahau, mwalimu," akasema, akaondoka.

Kesho yake hakuja shule. Siku ya tatu alikuja baba yake, Abel, mzee wa kanisa.

"Mwalimu, nasikia binti yangu anakufuata ofisini kwa mambo ya wanawake. Na wewe hapa unaishi peke yako."

Akaondoka. Elius alibaki amekaa, akiutazama mlango huku ukungu ukiingia hadi barazani. Akifunga mlango, kijiji kingesema. Akiuacha wazi, hakuna mtoto ambaye angefungua mdomo.

Wiki hiyohiyo alikwenda Njombe kuomba uhamisho kwa mdomo wake. Afisa elimu alilifungua faili lake.

"Lakini wewe ndiye uliyepata mafunzo. Nikikuhamisha, wale watoto nawaachia nani?"

Elius alitoka nje akampigia Noela. "Mafunzo ndiyo yamenifunga," akamwambia.

Noela akamuuliza, "Kwani hapo shuleni hakuna mwanamke hata mmoja?"

"Kuna mpishi tu."

"Mpishi si mwanamke?"

Mpishi wa uji alikuwa Esnath, mjane wa miaka hamsini aliyeishia darasa la saba. Asubuhi za baridi wasichana walikuwa na kawaida ya kujibanza jikoni kwake wakiota moto. Elius alimwendea na kitabu cha mwongozo, akakaa kwenye gogo mbele ya watu wote, akamfundisha wiki nzima. Esnath hakuwa mwanafunzi wa kuitikia tu.

"Hapo wanasema 'maumivu kidogo'," alimkatiza siku moja. "Aliyeandika hayajui."

Kisha Esnath akaenda mwenyewe nyumbani kwa Abel. Aliporudi alisema Justine alikuwa akitumia vipande vya blanketi kuukuu, vimemchubua mpaka hawezi kutembea vizuri, na alidhani ana ugonjwa wa kufa. Jumatatu Justine alirudi darasani. Boksi la taulo likahamia jikoni, nyuma ya magunia ya unga.

Abel hakuomba radhi. Wakikutana njiani alimsalimu "Kamwene" kwa haraka, akapita.

Ilipokuja fomu ya kutaja anayetoa elimu hiyo, Elius alitaka jina la Esnath liandikwe.

"Wanataka mwalimu," alisema Shadrack. "Andika lako."

Akaliandika. Januari aliandika tena barua ya uhamisho, safari hii akaeleza kwa ukurasa mzima kazi ya Esnath, akaomba atambuliwe ili yeye aende kwa familia yake. Jibu lilikuja mwezi Machi. Aliingia nalo jikoni, na Esnath akamwomba amsomee. Lilimpongeza Elius kwa kazi nzuri na kumtaka aiendeleze katika kituo hichohicho.

Esnath aliacha kukoroga uji. "Wamekunyima."

"Wamenisifu."

"Ndiyo. Wamekunyima."

Nje wasichana watatu walikuwa wamesimama, wanasubiri atoke ndipo waingie. Elius aliikunja barua, akawapisha.